Kisiwa Kisicho na Upepo

Wataalamu wa hali ya hewa wana istilahi ambayo kila mfasiri wa Kiswahili hukutana nayo siku hizi. Mji uliozidiwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, wao huuita "kisiwa cha joto". Nami ambaye kwa miaka mingi nimekula kwa kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, nimekuwa nikiiandika istilahi hii kwa moyo mzito. Kwa mtu wa Unguja, Pemba, Lamu au Mafia, kisiwa ni mahali pa kupunga upepo. Kisiwa ni kusi na kaskazi, ni matlai ya alfajiri, ni baraza la jioni na watu wake. Kukiita kisiwa kitu kilichokosa upepo ni sawasawa na kumwita bubu manju.

Istilahi hiyo nitairudia baadaye. Ugomvi wangu mkubwa ni na sisi wenyewe, tunaolizungumza joto la miji kana kwamba ni mvua, jambo linaloteremka kutoka juu na mja akabaki kusubiri likatike. Joto la mji hujengwa. Lina mafundi wake, lina vifaa vyake, na lina siku yake ya kuwekewa jiwe la msingi. Siku hiyo huwa mapema mno, wakati mji ungali kijiji na watu wake wangali wakijisifia miembe yao. Nayasema haya kutoka Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo hapana mtu angepatafuta katika mazungumzo juu ya joto la miji. Hiyo ndiyo sababu ya kupasemea.

Tuanze na jambo lenyewe. Aliyelipima kwa makini mwanzo alikuwa Mwingereza, Luke Howard, mtengeneza dawa, yule yule aliyeyapa mawingu majina ambayo wataalamu huyatumia hadi leo. Hakuwa profesa. Alikuwa na vipimajoto, daftari na subira. Katika kitabu chake juu ya hali ya hewa ya London, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1818, alionyesha kuwa usiku wa katikati ya jiji lile ulizidi kwa joto usiku wa mashambani, kwa wastani unaokaribia nyuzi 2 za Selsiasi kwa vipimo vyetu vya leo. Wakati huo hapakuwa na motokaa hata moja, wala kiyoyozi. Palikuwa na matofali, mawe, majiko, na watu waliobanana. Jina la kisiwa lilikuja katika karne ya 20, nalo lilitokana na ramani: mistari ya joto inapochorwa, huuzunguka mji kama ufuko unavyokizunguka kisiwa.

Namna jambo hili linavyofanya kazi haina uchawi. Jua likipiga ardhi yenye majani na miti, sehemu kubwa ya nguvu zake hutumika kugeuza maji kuwa mvuke. Mti hutoka jasho kama mtu, na jasho lake huwapoza walio karibu nao. Jua lilo hilo likipiga zege, lami na tofali, hakuna maji ya kuvukiza. Joto huzama ndani ya ukuta na kutulia. Magharibi ikiingia, ukuta huanza kulipa deni lake, na anayelipwa ni aliyelala. Ongeza nyumba zilizobanana hata zikaufungia upepo njia, ongeza injini na moshi wake, nawe umeshakipata kisiwa chako. Bati lina tabia ya peke yake: hupata moto upesi na kupoa upesi. Usiku halina deni kubwa. Lakini mchana, pasipo dari, ni jiko lililofudikizwa juu ya vichwa vya watu.

Sasa msomaji wa visiwani aniruhusu nimpeleke bara. Lituhi iko wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Tuko jirani na mdomo wa mto Ruhuhu, ule unaosifika kwa mbasa. Ziwa letu liko kama mita 470 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yetu imesimama milima ambako Wamatengo hulima kahawa na kuchimba ngoro zao katika miteremko. Mtu anayeshuka kutoka Mbinga kwenye ubaridi hadi ufukweni huvua koti njiani. Joto, basi, si mgeni kwetu. Watu wa mwambao, Wamanda na Wanyasa, walijua kuishi nalo: nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, paa lililoshuka mpaka likafanya ukumbi, mwembe mbele ya mlango, na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hurudi kutoka milimani kwenda ziwani. Na upo mwera, upepo wa kusini, ambao mvuvi huuogopa majini na mwenye nyumba huushukuru nchi kavu.

Leo nyumba inayosifiwa ni ya tofali la kuchoma na bati. Tofali la kuchoma halichomwi kwa dua. Hukatwa miti, hupangwa magogo ndani ya tanuri, na moto huwaka usiku na mchana hata tofali zikaiva. Ukuta utakaohifadhi joto huzaliwa kwa kuuawa kivuli kilichokuwa kikilizuia joto hilo. Nyumba moja, hasara mbili. Na mwembe wa karibu na kiwanja aghalabu ndio hutangulia, ukiponzwa na ukaribu wake. Nimeona shule moja ya mwambao huu, sitaitaja, iliyoangusha miembe mitatu ya zamani ili jengo jipya lionekane vizuri katika picha za uzinduzi. Siku ilipofika, mgeni rasmi alikalishwa chini ya turubai la kukodi. Watoto walisimama juani.

Katika milima hiyo hiyo iliyo nyuma yetu, huko Ngaka, wilayani Mbinga, makaa ya mawe yalianza kuchimbwa mwaka 2011, na sehemu yake imeuzwa kwa viwanda vya saruji. Mtazame mzunguko ulivyo: makaa hutoka kwetu kama jiwe jeusi, huenda kuchoma chokaa, na hurudi kwetu yakiwa mifuko ya saruji ya kusakafia ua ambao jana ulikuwa na nyasi. Sisemi saruji isitumike. Nasema tusijifanye hatujui moto huu ulikotoka.

Watakuwapo wa kucheka: Lituhi na majiji wapi na wapi? Jibu liko Dar es Salaam. Mwaka 1967 jiji lile lilihesabiwa likiwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 5,383,728. Wakati wa wale wachache, kuacha nafasi ya miti kando ya kila njia kungegharimu mstari mmoja wa kalamu ya mchora ramani. Leo, kuirudisha nafasi hiyo Manzese au Tandale ni kubomoa nyumba ya mtu na kumtafutia nyingine. Joto la Manzese liliamuliwa siku nyingi, na walioliamua hawakujua kuwa wanaamua. Hapa Lituhi tunajua. Zaidi ya theluthi moja ya Watanzania sasa wanaishi mijini, barabara ya lami imekwishashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na kila penye lami viwanja hupanda bei na mji hufuata. Sisi tunaikaribia hatua ile ambayo Dar es Salaam iliipita ikiwa usingizini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona mji unafukuta, nao pia umeundwa.

Hoja ya kwanza ninayorushiwa ni kwamba joto ni la dunia nzima, wamelileta wenye viwanda, na sisi ni wapokeaji tu. Nusu ya hoja hii ni kweli tupu, wala sitaipunguza. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa, ukizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.55. Mvuvi wa Lituhi hakulichoma anga hilo. Waliolichoma wanajulikana, wanadaiwa, na tusichoke kuwadai.

Lakini deni la jirani halifuti langu. Joto la dunia likija hulikuta joto la mji limekwisha kutandika mkeka, na mawili hayo hujumlishana juu ya mwili mmoja. Zaidi ya hayo, la kwanza siwezi kulipunguza kwa panga langu wala kwa jembe langu. La pili naweza. Mtu ambaye nyumba yake inavuja haachi kuziba paa kwa sababu mvua ilitokana na mawingu ya ng'ambo. Waama, nimechunguza na nimeona kuwa wanaopenda sana kuitaja dunia nzima ni wale waliopewa dhamana ya mtaa mmoja. Dunia ni kubwa, na nyuma ya kitu kikubwa ni rahisi kujificha.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni hii: bati ni maendeleo, na anayelisema vibaya anataka watu warudi kwenye nyasi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bati halivuji kama nyasi iliyooza, haliteketei kwa cheche ya jikoni, hukinga maji ya mvua yakaingia pipani, na limewapumzisha akina mama waliobeba vichwani mafungu ya nyasi kila baada ya misimu michache. Atakayewaambia warudi huko akabebe yeye. Mimi nauliza swali jingine: dari iko wapi?

Wasomaji wa Unguja wana jibu juu ya vichwa vyao. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ukitazamwa kutoka juu ni bahari ya mabati yaliyoshika kutu. Lakini katika nyumba nyingi za kale, chini ya bati pana hewa, na chini ya hewa pana sakafu ya mawe na chokaa iliyolazwa juu ya boriti. Kuta ni nene. Vichochoro ni vyembamba hata jua halipati pa kukaa muda mrefu. Madirisha yako juu na chini ili hewa moto itoke na baridi iingie. Baraza ziko nje kwa ajili ya saa ile ambayo ndani hapakaliki. Waliojenga vile hawakuwa na shahada za fizikia. Walikuwa na ngozi, na ngozi iliwafundisha. Tulipoipeleka nyumba ya bati bara, tulichukua bati tu. Dari ilibaki bandarini.

Na kwa nini ilibaki? Kwa sababu dari haionekani barabarani. Sensa zetu huuliza nyumba imeezekwa kwa nini na kuta zake ni za kitu gani. Ni maswali mazuri. Lakini hapana karani aliyewahi kuniuliza nyumba yangu ina kivuli kiasi gani, au watoto wangu hulala saa ngapi kwa ajili ya hari. Kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Kiongozi husimama jukwaani akataja idadi ya nyumba za bati, umati ukapiga makofi, na mtu wa darasa la tatu aliye chini ya bati tupu saa nane mchana hayumo katika hesabu hiyo. Mwezi Machi 2024 Sudan Kusini ililazimika kufunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Ni jambo la kutisha kusoma. Ila mwalimu yeyote wa madarasa yasiyo na dari anajua kuwa darasa huweza kufungwa na milango yake ingali wazi: kalamu hutulia, vichwa huinama juu ya madawati, na somo huendelea peke yake ubaoni.

Joto, tena, halina usawa. Watafiti walipoweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, jijini Nairobi, katika msimu wa joto wa mwaka 2015 kuingia 2016, walikuta kuwa mitaa hiyo ya mabati yaliyobanana ilikizidi kituo rasmi cha hali ya hewa cha jiji hilo hilo kwa nyuzi kadhaa. Yaani taarifa iliyosomwa redioni ilikuwa ya kweli kwa wenye bustani na ya uongo kwa wasio nazo. Katika Hija ya mwaka 2024 walifariki mahujaji 1,301, Mungu awarehemu. Na mamlaka za Saudia zilieleza kuwa asilimia 83 yao walikuwa wasio na vibali, waliotembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Jua lilikuwa moja juu ya wote. Kivuli ndicho kilichogawanywa.

Na tusidhani mchana peke yake ndio wenye madhara. Mwili huvumilia mchana kwa ahadi ya usiku. Mwezi Juni 2018 huko Quriyat, pwani ya Oman, nchi ambako wasomaji wengi wa kurasa hizi wana jamaa, ulipita usiku na mchana mzima ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Huko wenye uwezo wana viyoyozi. Lakini kiyoyozi hakiui joto; hulihamisha tu. Hulitoa chumbani kwa anayelipia umeme na kulimwaga kichochoroni kwa asiyeulipia. Mji unaotegemea viyoyozi peke yake ni mji wa watu wanaotupiana moto juu ya ukuta, na wa mwisho kutupiwa hana wa kumtupia.

Kwa upande wetu, wa mwisho ni yule mama anayeanika usipa juu ya vichanja mchana kutwa, ambaye hawezi kuukimbia jua kwa sababu jua ndilo mtaji wake. Ni mtoto mchanga katika chumba cha kuta zilizoshiba joto. Ni mzee ambaye moyo wake hauna tena nguvu ya kusukuma damu ipoe. Hawa wakilala vibaya miezi mitatu, hapana gazeti litakaloandika. Hufifia polepole, na majirani husema ni uzee, au ni homa, au ni kazi ya Mungu.

Nimefika kwa washairi, na hapa sitakuwa mpole, maana ni nyumbani. Tazameni majina ya miji yetu. Unguja kuna Mkunazini, Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembe Makumbi, Mikunguni. Mombasa kuna Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mbuyuni. Dar es Salaam kuna Mwembechai, Mkwajuni, Mikocheni, na kama ilivyo Unguja, Mnazi Mmoja. Wazee wetu walipotaka kumwelekeza mgeni, hawakutaja jengo. Walitaja mti, kwa sababu chini ya mti ndipo watu walipokuwapo. Hivi leo mtu anashuka kwenye daladala mahali paitwapo kwa jina la mti, akatazama kulia na kushoto akitafuta pa kujisitiri na jua, na hana pa kukimbilia ila ubavu wa basi lenyewe. Tumebaki na kamusi ya miti iliyokufa, nasi tunaikariri kila siku bila tanzia.

Na ushairi wetu? Hari kwetu ni hari ya mapenzi. Moto ni moto wa mahaba, jasho ni jasho la kumngoja mpenzi, na upepo wa kusi ni pambo la kufungulia ubeti. Sina vita na mahaba, nimeyatungia mwenyewe. Lakini lugha yenye hari, fukuto, vukuto, joto, mvuke na uvuguvugu, lugha inayotofautisha kivuli kinachotembea na mtu na uvuli wa kupumzikia chini ya mti, haikupewa utajiri huo kwa ajili ya vyumba vya kulala tu. Wapo watakaoniambia kuwa mambo ya mabati na viwanja ni ya wahandisi na madiwani. Nawajibu kuwa washairi wa pwani hii tangu zamani walitunga juu ya vita, bei, uongozi na vyombo vya baharini, na hapana aliyewaambia warudi kwenye mahaba. Diwani hupanga kiwanja kwa maneno kwanza. Akisema "maendeleo" akimaanisha kukata mti, na sisi wenye maneno tukanyamaza, basi tumemkopesha neno letu alitumie shoka.

Yafaa nini, basi? Wengine wamekwisha kuanza. Ahmedabad, mji wa India, baada ya joto kali la mwaka 2010, ulitunga mwaka 2013 mpango wake wa kukabiliana na joto: maonyo kabla ya siku mbaya, maji, hospitali kujiandaa, na baadaye mapaa ya walalahoi kupakwa chokaa nyeupe ili yarudishe jua lilikotoka. Freetown, Sierra Leone, ilimteua mwaka 2021 Eugenia Kargbo kuwa ofisa wa kushughulikia joto la jiji, na miongoni mwa kazi zilizofanywa ni kuwawekea akina mama wa sokoni paa za kivuli juu ya biashara zao. Chokaa na kivuli: hapana kati ya hivi kinachomshinda mtu wa Lituhi.

Hapa kwetu, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yetu. Uwezo tunao, hatujautumia. Njia za mji mpya zipimwe zikielekezwa ziwani ili upepo uwe na mlango wa kuingilia. Kila njia iachiwe nafasi ya miti kabla ya kuachiwa nafasi ya maduka. Mwembe uliotangulia kiwanja uwe na haki kuliko kiwanja. Darasa lisilo na dari na ukumbi lisihesabiwe kuwa limekamilika, hata kama limepakwa rangi na kibao chake kimefunuliwa. Soko na mahali pa kuanikia usipa pawe na banda la kupumzikia. Tofali zisizohitaji tanuri, zile za kushindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, zipewe nafuu kuliko zile zinazokula msitu. Na mwenye bati kuukuu apate chokaa.

Juu ya kupanda miti nina neno moja. Nchi yetu ina Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, nayo ni tarehe 1 Aprili. Siipingi siku. Ila kwetu Ruvuma mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na mwezi wa Aprili huwa inaaga. Mche unaotiwa ardhini siku ile ya picha na hotuba hupewa wiki chache za maji na miezi mingi ya kiangazi. Mbuzi humalizia yaliyobaki. Mwaka unaofuata hupandwa mche mwingine katika shimo lile lile, na idadi ya miti "iliyopandwa" huongezeka katika taarifa. Tuhesabu miti iliyo hai ikiwa na umri wa miaka mitano. Hapo ndipo tutakapojua nani amepanda na nani amechimba mashimo.

Nimeyatia haya katika ubeti mmoja, kwa wale wanaoshika nadhari kwa vina kuliko kwa hoja:

Tulipoikata miti, tulikiua kivuli,
Tukaezeka mabati, jua likatukabili,
Twajiuliza kwa dhati, joto hili la asili?
Si kudura, si bahati, ni mikono yetu hili.

Sasa narudi kwenye istilahi niliyoanza nayo. Nimeamua kutoiandika tena. Sitawauzia wasomaji wangu "kisiwa cha joto", maana kisiwa ni kazi ya Mungu, na anayekisikia atadhani na joto lile ni kazi Yake. Nitauita "mji uliofukuzwa upepo", kwa sababu jina hili lina mfukuzaji ndani yake, na msomaji mwenye akili atauliza ni nani. Akishauliza, kazi ya mfasiri imekwisha, na ya mwanakijiji imeanza.

Hapa Lituhi wapima ardhi hawajamaliza kazi. Viwanja vingi bado ni nyasi, na miembe kadhaa ya mbele ya ziwa ingali imesimama, mmoja wao ukiwa umekwisha kutiwa alama ya rangi nyekundu kwenye shina. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao nitasimama, na nitaomba mwembe ule uwe ajenda ya kwanza, kabla ya ripoti ya mapato na matumizi. Wenye miembe yao huko mliko, fanyeni hivyo hivyo, na msingoje rangi ikauke.